Tunalilia patenti zetu, za wenzetu tumezikalia

Kila kijana wa Uganda akitengeneza kitu kikatokea kwa habari, iwe kifaa cha hospitali ama mashine ya shambani, maoni huwa ni yale yale: aende mbio URSB, ile ofisi ya serikali inayosajili patenti, achukue yake kabla Wachina hawajamuibia. Naelewa mbona watu wanasema hivo, Afrika imeibiwa vya kutosha. Ila nimefuatilia haya mambo ya patenti (hataza, ukitaka Kiswahili cha shule) kwa muda sasa na naona tumeshika kisu kwa makali. Tunalia sana juu ya zile ambazo hatuna, alafu zile mamilioni za wenzetu ambazo sheria inaturuhusu kuzitumia hapa bila kulipa shilingi hata moja hakuna anayezigusa.

Patenti ni mapatano na serikali. Wewe unaandika uvumbuzi wako wote, pamoja na michoro, kiasi kwamba mtu mwingine wa fani hiyo akisoma anaweza kuutengeneza, na serikali nayo inakulinda kwa miaka 20 mtu asiutengeneze wala kuuza bila ruhusa yako. Miaka ikiisha ni wa kila mtu. Sasa kuna mambo mawili ambayo watu wanaruka. Ulinzi ni wa nchi kwa nchi, hakuna kitu kinaitwa patenti ya dunia nzima, hata ule mfumo wa PCT ni njia ya kuomba nchi nyingi kwa ombi moja tu, mwishowe kila nchi inaamua kivyake na kila nchi unailipa, tena ada ya kila mwaka usipolipa ulinzi unakufa. Na la pili, yale maandishi yote yanawekwa hadharani, mtu yeyote mwenye bando anayasoma kwenye Google Patents, Espacenet ama Patentscope ya WIPO (shirika la Umoja wa Mataifa la mali ya ubunifu), bure kabisa.

Chukua kifuniko cha chupa ya soda. Kilivumbuliwa na William Painter wa Baltimore, patenti yake ni ya 1892. Ukiokota kimoja hapo chini ya meza ukahesabu meno yake utapata 21, vile vya Painter vilikuwa na 24 na ndani viliwekwa gome laini la mti, lile la vizibo vya mvinyo, leo ni plastiki. Huyo Painter ndiye anasemekana alimshauri mtu wake wa mauzo, King Gillette, atafute kitu ambacho mteja anatumia, anatupa, anarudi kununua kingine, na Gillette akaja na wembe wa kubadilisha, patenti 1904. Mkanda wa gari wa pointi tatu ni wa Nils Bohlin wa Volvo, 1959, hao waliamua wenyewe kuwaachia watengenezaji wengine wautumie. Hivi vyote vilishaachiwa zamani, yeyote anayetaka kufungua kiwanda cha vifuniko Namanve haombi ruhusa ya mjukuu wa mtu.

Utaniambia hayo ni ya kale. Sawa, njoo karibu. Printa za 3D za kuyeyusha plastiki, zile zinazochora kitu tabaka kwa tabaka, zilikuwa chini ya patenti ya Scott Crump wa Stratasys, iliyotolewa 1992. Ilipoisha 2009 watu wakaanza kuuza printa za mezani za bei ya kawaida, kabla ya hapo mashine ya namna hiyo ilikuwa ya makampuni makubwa tu. Miaka michache baadae hospitali ya CoRSU pale Kisubi, barabara ya Entebbe, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Toronto, ikaanza kujaribu kuprinti sehemu ya mguu bandia ile inayoshika kigutu. Sisemi ni patenti peke yake ilileta hayo, lakini tarehe zinaongea.

Na kuna hazina kubwa kuliko hiyo ya zilizoisha muda. Patenti nyingi ambazo ziko hai saa hii Ulaya, Marekani ama China hazijawahi kuombwa Uganda. Fikiria kampuni ya Ujerumani imetengeneza namna mpya ya kukausha maembe. Itaomba kwao, itaomba Marekani, labda na India ambako maembe ni mengi. Kampala itaomba ya nini, nani atainunua hapa? Basi kisheria ukikausha maembe kwa njia hiyo hapa Luweero na kuyauza Uganda, hujaiba kitu. Uangalie tu mambo mawili: kwanza kama wamepitia ARIPO, shirika la nchi kadhaa za Afrika la mali ya ubunifu, kule Harare, manake Uganda ni mwanachama wa Itifaki ya Harare ya 1982 na patenti ya huko inaweza kutufikia kama serikali haijaikataa ndani ya miezi sita. Pili, usipeleke hayo maembe Ujerumani, kule yatashikwa.

Sasa hapa wapinzani wangu wana hoja, na ni nzuri. Wanasema karatasi si mashine. Mwandishi wa patenti analipwa kuandika kiasi cha kupata ulinzi, zile mbinu ndogo ndogo za mikono, joto liwe ngapi, chuma gani, anabaki nazo kichwani. Ni kweli kabisa. Tena zile sentensi! Dai moja, yaani kile kipengele kinachosema nini hasa kinalindwa, linaweza kuwa sentensi moja ya nusu ukurasa, "kifaa chenye sehemu ya kwanza iliyounganishwa na sehemu ya pili ambapo hiyo sehemu ya kwanza...", unafika mwisho umesahau ilianzaje, na yote kwa Kiingereza cha mawakili. Fundi wa Katwe, ule mtaa wa karakana hapa Kampala, hasomi hiyo. Fundi wa Katwe analetewa mashine yenyewe, anaifungua boliti kwa boliti, anapima kwa kalipa, anakata bamba na grainda, anachomelea, beringi na puli anachukua za kununua, na mteja anaondoka na kitu kinachofanya kazi kwa bei ya chini sana kuliko ya kuagiza. Wameshafanya hivyo kwa vinu vya posho, mashine za popkoni, kila kitu, bila kusoma patenti ya mtu.

Lakini huyo huyo wa Katwe ndiye anayenifanya nisite kusema patenti hazina kazi kwetu. Kuna fundi mmoja kule anayetengeneza mashine za kukatia majani ya ng'ombe. Zile za kawaida zilikuwa zinakwama ukiweka majani mabichi ya Napier, mfugaji anazima, anatoa kwa mkono, anawasha tena. Yeye akabadilisha pembe ya visu na akapanua mdomo kwa chini, ikaacha kukwama. Haukupita muda majirani wote kwenye ule mstari wa karakana wanauza mashine yenye mdomo ule ule, kwa bei ya chini manake wao hawakuharibu vyuma wakijaribu, na wateja wake wakahama. Nenda ukamwambie kunakili ni ukombozi wa Mwafrika, uone kama hatakurushia nyundo.

Dawa ya mtu kama huyo si patenti kubwa, na nashangaa hatumwambii. Sheria yetu ya mali ya viwanda ya 2014 ina kitu kidogo zaidi, cheti cha modeli ya matumizi, niite patenti ndogo. Haidai uwe umevumbua kitu cha kumshangaza profesa wa Makerere, inatosha kiwe kipya na kinaweza kutengenezwa na kutumika, na ulinzi wake ni miaka 10. Kwa mdomo wa mashine ya majani, miaka 10 ni mingi tu. Badala yake kwenye semina tunawajaza vijana ndoto za kuomba Marekani, ambako wakili peke yake anakula maelfu ya dola. Alafu mashindano ya ubunifu nayo yanawapandisha jukwaani waeleze kila kitu mbele ya kamera kabla hawajaomba popote. Kwa Ulaya ukishaonyesha hadharani kabla ya kuomba, upya umekwisha, wewe mwenyewe ndiye umeuua. Hilo waandaaji wanapaswa kulisema kabla ya kugawa maiki.

Kuna hoja moja ya watetezi wa patenti ambayo kwangu ina uzito kuliko zile za "motisha kwa wabunifu", na inatuhusu sana: patenti inamsukuma mtu aandike ujuzi wake badala ya kuuficha. Uingereza kulikuwa na familia ya Chamberlen, wakunga wanaume, waliotengeneza koleo la kumtoa mtoto aliyekwama, wakaificha ndani ya familia zaidi ya miaka 100, walikuwa wanaingia nalo kwa sanduku na mama anafungwa macho asione. Fikiria wangapi walikufa miaka hiyo yote. Huku kwetu, mwaka 1879, mmisionari Mwingereza Robert Felkin alishuhudia pale Kahura, Bunyoro, mtaalam wa kienyeji akimpasua mama na kumtoa mtoto, akitumia mvinyo wa ndizi kumlegeza mama na kuosha mikono na tumbo, chuma cha moto kuzuia damu, na vijiti vya chuma kufunga kidonda, na mama akapona. Tunajua hayo kwa sababu Felkin aliyachapisha Edinburgh 1884. Jina la yule mtaalam hatuna, jinsi alivyofundishwa hatuna, waliomfuata hatuwajui. Kama hakuna kinachomsukuma mtu kuandika, ujuzi unakufa na mwenyewe ama unabaki sandukuni. Ni kweli upasuaji ni kitu ambacho sheria nyingi hazikipi patenti, najua, nasema juu ya kuandika.

Upande wa dawa ndo mambo yanakuwa magumu. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilijitolea kuuza mchanganyiko wa dawa tatu za ukimwi kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, wakati za wenye patenti zilikuwa zinapita dola 10,000. Waliweza kwa sababu India wakati huo haikutoa patenti za dawa zenyewe, imekuja kuanza 2005. Sisi kama nchi iliyo kwenye orodha ya nchi maskini zaidi tumeruhusiwa na WTO, Shirika la Biashara Duniani, kutolinda patenti za dawa hadi 1 Januari 2033, na sheria ya 2014 imelichukua hilo. Ndo mazingira ambamo kile kiwanda cha Quality Chemical pale Luzira, kilichoanza na hao hao Cipla na kufunguliwa 2007, kimekuwa kikitengeneza ARV na dawa za malaria. Hapo sina la kubishana, kuwa nje ya patenti kumeokoa watu tunaowajua.

Lakini angalia lenacapavir, ile sindano ya kampuni ya Gilead ya Marekani ya kujikinga na virusi vya ukimwi, mara mbili kwa mwaka. Utafiti mkubwa ulifanyika Afrika Kusini na hapa Uganda, wanawake zaidi ya 5,000, na kati ya 2,134 waliopewa hiyo sindano hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Wanawake wetu walijitolea miili yao. Oktoba 2024 Gilead wakatoa leseni kwa kampuni sita kutengeneza za bei nafuu kwa nchi 120, Uganda ikiwemo, na 2025 ikatangazwa kwamba kuanzia 2027 itapatikana kwa kama dola 40 kwa mwaka, wakati Marekani bei iliyoandikwa inapita dola 28,000. Mtetezi wa patenti atasema bila zile dola za Marekani nani angekaa maabara miaka yote hiyo, na siwezi kumwita mwongo. Ila kati ya zile kampuni sita, hakuna ya Uganda. Sheria yetu haituzuii kuitengeneza Luzira, basi mbona hatuitengenezi? Kwa sababu kutengeneza hiyo molekuli ni kazi ngumu inayotaka wanakemia na mitambo, kwa sababu wanunuzi wakubwa wanataka idhini ya WHO, na kwa sababu soko la Uganda peke yake ni dogo na kuuza nje unagonga patenti za nchi zingine. Mlango uko wazi, sisi hatuna miguu ya kuingia.

Na huo mlango si wa milele. Kila bajeti tunaambiwa uchumi unapanda, tunakaribia kutoka kwenye orodha ya nchi maskini zaidi. Siku tutakayotoka, ruhusa ya dawa inaanza kuhesabiwa kufa hata kabla ya 2033, na zile kampuni ambazo leo haziioni Kampala zitaanza kuleta maombi yao. Kwa hiyo mimi pesa ya serikali nisingeipeleka kwenye kulipia wabunifu patenti za Marekani. Ningeajiri wahandisi wachache wa kukaa na zile patenti za wenzetu, zilizoisha na zile zisizotufikia, za kukausha, kusaga, kukamua, kusafisha maji, wazichambue, waandike kwa Kiswahili na Luganda na michoro inayosomeka, waende nazo Katwe na Kisenyi wazijaribu pamoja na mafundi. URSB na WIPO wana vile vituo vya TISC vya kusaidia watu kutafuta taarifa za patenti, msingi upo, ila fundi mwenye nyundo hajui hata kwamba vipo. Na wakiwa huko huko karakanani wabebe fomu za ile patenti ndogo, wamjazie yule wa mashine ya majani kwa kile kitakachofuata, manake huo mdomo wa kwanza sasa ni wa mtaa mzima.