Jamani ndege sio kifurushi

Wikiendi jamaa katua uwanjani na ndege yake ya rimoti ya foamu, mpya, kaizungushia selotepu ya nyuzi kuanzia puani mpaka mkiani utadhani maiti ya farao. Anaigonga gonga kwa kidole, "hii haivunjiki hii". Haya. Ikaruka kwa shida kama mita 30 hivi, pua juu inahema, akataka kukata kona, bawa moja likalala, puu! Na foamu ilipasuka vilevile, ila sasa imepasukia ndani ya selotepu, ukitaka kuunga gundi ubandue kwanza tepu, na tepu ikitoka inatoka na nyama.

Hivi nani kawaambia kuimarisha ndege ni kuiongezea vitu? Ukipandisha uzito kwa asilimia 20, spidi ya chini kabisa inayoweza kukaa hewani inapanda karibu asilimia 10, maana yake unatua kwa kasi zaidi na ukigonga unagonga na mzigo mkubwa zaidi. Umeilinda na nini sasa?

Nguvu inaenda kwenye bawa, tena pale linapoingia kwenye mwili. Ndege ikiwa hewani bawa linataka kukunjika kwenda juu, kwa hiyo upande wa chini unavutwa, upande wa juu unabanwa, katikati ya unene wake hapana kazi kubwa. Selotepu kuvutwa inaweza sana, kubanwa haiwezi kitu, inajikunja tu kama karatasi. Kwa hiyo wewe uliyebandika juu peke yake umepamba. Weka fimbo nyembamba za kaboni, moja juu moja chini, pale bawa lilipo nene, au bomba moja la kaboni linalojaza unene wenyewe, na wala sio lazima lifike nchani.

Ila lipite MOJA KWA MOJA toka bawa hili hadi lile. Hili nimelilipia. Ndege yangu ya pili niliweka fimbo mbili, kila bawa na yake, zikakutana katikati kwa gundi ya moto, nikajiona fundi. Natoka kwenye mzunguko wa wima, navuta eleveta, kile kibao cha mkiani kinachoinua pua, mabawa yakapiga makofi juu ya mgongo, mwili ukashuka kama jembe. Nilikata kaboni pale pale inapohitajika kuliko kote! Na kona yenyewe tu, ukiilaza ndege nyuzi 60 bila kushuka, mabawa yanabeba mara 2 ya uzito wake.

Mkiani ndio usiguse kabisa, gramu 10 za huko zinaweza kukudai 30 puani ili ndege ikae sawa. Supa gluu ya kawaida inayeyusha foamu nyeupe ya vipunje, uliza bawa langu la kwanza.

Sawa, nakubali, mnaotua kwenye mawe tepu kidogo ukingo wa mbele wa bawa na tumboni inasaidia. Kidogo nimesema. Pua iache ivunjike bwana, ikivunjika pua betri na mota vinaweza kupona, na foamu inaungwa jioni hiyo hiyo.

Jamaa yule nilimweleza yote haya, akatikisa kichwa kabisa kwamba kaelewa. Jana kanitumia picha, katia na plastiki juu ya selotepu.