Vita vya watu na mkonge wetu

Jamaa mmoja mwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe aliteremka mjini Tanga na hasira zake, tukakutana barazani Ngamiani, penye kahawa na kashata. Dalali amemwambia bei ya katani, yaani nyuzi za mkonge, imeshuka. Kwa nini? "Hali ya Bahari ya Shamu." Wahuthi, wale wapiganaji wa Yemen, wanapiga meli, meli zinazunguka, nauli imepanda, mkulima avumilie. Baraza zima likatikisa vichwa kukubali. Hoja ikishataja vita vya mbali huwa haina mpinzani, maana nani atafunga safari hadi Yemen kuhakiki? Mimi nikamuuliza jambo moja tu: marobota yako yanakwenda wapi?

"China," akasema.

Basi tazama ramani. Meli ya kutoka Tanga au Dar es Salaam kwenda China inaikata Bahari ya Hindi kuelekea mashariki. Mlango wa Bab el-Mandeb, wa kuingilia Bahari ya Shamu, inauacha huko kaskazini, haina shughuli nao.

Hata hivyo dalali naye ana haki yake. Tangu Novemba 2023, Wahuthi walipoanza kushambulia meli, kampuni nyingi kubwa ziliacha kupita Mfereji wa Suez zikazungukia Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Safari ya Asia na Ulaya ikarefuka kwa siku kumi na zaidi. Kontena lililochelewa Ulaya ni kontena ambalo halijarudi kupakiwa kwingine, kwa hiyo nauli hupanda hata kwenye njia ambazo hazijasikia mlio wa risasi. Na upo mzigo unaoguswa moja kwa moja: katani ya Saudi Arabia, ambako singa huchanganywa na jasi katika kazi za dari na kuta. Jeddah iko ndani ya bahari hiyohiyo yenye matata. Dalali wa Korogwe, kwa hiyo, hakutunga uongo. Aliazima ukweli wa mzigo wa mtu mwingine akaupachika kwenye mzigo usiohusika.

Uazimaji huo Tanga haukuanza na Wahuthi. Kila mkonge unaposhuka, hutafutwa moto uliowaka nchi ya mbali, na mara nyingi hupatikana, kwa kuwa dunia haijawahi kukosa moto. Nisichokisikia ni upande wa pili wa daftari: ni mara ngapi moto huohuo umetuchemshia chungu sisi.

Mkonge wenyewe ni mgeni hapa. Mwaka 1893 Mjerumani Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kufikia 1913 Wajerumani walikuwa wanauza nje tani zaidi ya 20,000. Mwaka uliofuata vita vikaja, na safari hii havikuwa vya mbali: Novemba 1914 Waingereza na askari wao wa Kihindi waliteremka Tanga, wakapigwa, na nyuki nao wakachangia kwa namna yao, kama wazee wasivyochoka kusimulia. Vita vilipokwisha mashamba ya Wajerumani yalinyang'anywa yakauzwa kwa wengine. Ungedhani hapo ndipo mkonge ungekufa. Kufika mwisho wa miaka ya 1920 tulikuwa tunauza kuliko 1913. Wenye shamba walibadilika, lakini kulikuwa na mtu anayepanda.

Kisha ukaja mwaka 1942. Wajapani wakaziteka Ufilipino, zilikotoka kamba za manila, na Java, iliyokuwa na mkonge wake. Meli za kivita haziendi bila kamba. Ghafla Tanganyika ikawa tegemeo la Waingereza na Wamarekani. Mashamba yakaambiwa yakate, na yakakata. Wenye mashamba wakaunda SILABU, ofisi ya kukusanya vibarua, na manamba wakaletwa kutoka Songea, Kigoma na Ruanda-Urundi. Jasho lilikuwa lao, fedha ikaenda kwingine, na hayo yana uchambuzi wake. Vita vya Korea vilipozuka 1950 bei ikaruka tena, na nyumba kadhaa nzuri za mji huu zina deni kwa Korea ambalo halijawahi kutajwa. Faida ile iliitwa juhudi na maarifa. Machafuko ya nje yalikuja kupata jina siku ya hasara.

Na hasara ilikuwa kubwa kweli. Mwaka 1964 tulizalisha karibu tani 230,000, na hakukuwa na nchi nyingine duniani iliyotufikia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tumebaki na tani elfu ishirini na kitu. Rudi juu usome tena takwimu ya 1913. Tulikuwa tumerudi pale walipotuacha Wajerumani.

Wanaolaumu nje wana ushahidi, tena si haba. Bei ya mkonge ilianza kuporomoka kabla hata ya Azimio la Arusha: kati ya 1964 na 1967 ilipungua kwa karibu nusu, kamba za plastiki zilipoanza kuingia mashambani Ulaya na Marekani kufungia majani ya mifugo. Mwalimu Nyerere hakuacha kuwakumbusha wakubwa wa dunia kwamba trekta ileile ilihitaji mkonge mwingi zaidi kila mwaka kuinunua. Juni 1967 vita vya Waarabu na Israel vikafunga Mfereji wa Suez, na haukufunguliwa hadi Juni 1975. Miaka minane meli ya Tanga kwenda Ulaya ilizunguka Afrika nzima. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983 (mpaka huo tuliufunga wenyewe, lakini tuuache kwenye orodha yao). Oktoba 1978 Idi Amin akavamia Kagera, na vita vile vilimeza fedha za kigeni ambazo zingenunua vipuri vya korona, mashine za kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema mambo haya hayakuumiza.

Lakini hesabu ya tarehe inakataa. Chukua 1973. Oktoba ile kulikuwa na vita vingine Mashariki ya Kati, Waarabu wakabana mafuta, bei ya mafuta ikapanda mara kadhaa. Plastiki inatokana na mafuta. Kamba ya plastiki ikawa ghali, wanunuzi wakakimbilia nyuzi za shambani, na 1974 bei ya mkonge ikapaa kuliko wakati wowote ambao wazee wa Tanga waliukumbuka. Suez bado ilikuwa imefungwa! Nauli bado ilikuwa ya kuzunguka Rasi. Pamoja na hayo mnunuzi alikuwa tayari kulipa, ila sisi hatukuwa na mzigo wa kumpa: uzalishaji wetu mwaka ule ulikuwa unateremka kama miaka iliyotangulia, na ukaendelea kuteremka Suez ilipofunguliwa.

Sababu yake inajulikana na kila mtu aliyewahi kushika panga la mkonge. Mche unachukua kama miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Baada ya hapo unakatwa miaka kadhaa, halafu unatoa mlingoti, unachanua mara moja katika maisha yake, unakufa. Kwa hiyo jani la 1974 liliamuliwa 1970 na kurudi nyuma. Wenye mashamba binafsi walianza kupunguza upandaji bei ilipolegea katikati ya miaka ya 1960. Kisha 1967 serikali ikachukua sehemu kubwa ya mashamba, na hapo kitu kilichokuwa uzembe wa mwenye mali kikawa uzembe wa shirika. Mameneja wakaondoka, vipuri vikakosekana, shilingi ikashikiliwa juu kwa bei isiyo yake kiasi kwamba muuzaji nje alikuwa anaadhibiwa kwa kila robota alilouza. Upandaji ukasuasua. Bahati ilipobisha hodi 1974, ilikuta milingoti.

Hapa lazima niwe mkweli pia kwa upande ambao huwa nauegemea. Wanaolaumu utaifishaji peke yake nao wana Suez yao, isipokuwa inaitwa 1967. Wakishaitaja wamemaliza, hawaendi mbele. Serikali ilinunua ng'ombe aliyekwisha kukonda, tena kwa mtu aliyekuwa tayari anatafuta wa kumuuzia. Kosa mimi nisingeliweka kwenye kununua. Ningeliweka kwenye kuendelea kumkamua bila kumlisha, miaka ishirini mfululizo.

Kama bado kuna shaka, waulize majirani wa dhoruba. Brazil iliuza katika soko lilelile, ikashindana na plastiki ileile, wakulima wake wadogo wa Bahia wakilima kwenye ardhi kame zaidi ya Muheza, na ilitupita miaka hiyohiyo. Kenya nayo ilishuka, tena sana, lakini katika 1964 ilikuwa mbali nyuma yetu, na kufika miaka ya 1990 tulikuwa tunakaribiana nayo. Mvua iliyonyesha kijiji kizima haiwezi kueleza kwa nini nyumba moja tu imeanguka vile.

Na nina kisa kingine kinachonikera kuliko vyote. Kituo cha utafiti cha Mlingano, hapa hapa Muheza, ndiko ulikokuzwa mkonge chotara namba 11648, wenye majani mengi kuliko ule wa Hindorf. China imeupanda kwa wingi mno, ndio mkonge wake mkuu leo. Mbegu yetu ilivuka bahari ikastawi, wakati mashamba yaliyo mwendo wa saa moja kutoka kituoni yalikuwa yanageuka pori. Hilo sioni ni Mhuthi gani wa kulaumiwa.

Yapo mazao, hata hivyo, ambayo lawama ya nje inayastahili kabisa, na ni kosa kuyachanganya. Chungwa la Muheza ni mojawapo. Mteja wake mkubwa ni Mkenya, malori yanapita mpakani Horohoro. Juni 2024, vijana wa Kenya walipoingia barabarani kupinga Muswada wa Fedha na tarehe 25 wakafika hadi ndani ya Bunge, ilikuwa ni msimu wenyewe wa machungwa. Wiki kama ile tajiri wa Mombasa akisita siku tano tu kutuma lori, mkulima hana la kufanya: tunda liko mtini limeiva, halisubiri Nairobi ipoe. Mama mmoja muuza machungwa pale stendi ya Muheza aliwahi kuniambia, "Baba, chungwa halijui siasa, linajua kuoza." Katani inajua kusubiri. Robota lililokauka vizuri, likawekwa ghalani pasipovuja, linakaa. Shida ya wiki tatu kwenye bahari inaweza kumchelewesha mwenye mkonge malipo yake, ikamla nauli, ikamnyima usingizi. Haiwezi kumpunguzia tani laki mbili.

Ndiyo maana mimi hupima kwa kuangalia moto ukishazimika kinatokea nini. Kenya ikitulia, malori ya machungwa yanarudi Muheza wiki ya pili, na bei inarudi nayo. Huko nje ndiko kulikokuwa na ugonjwa. Suez ilifunguliwa 1975, mkonge haukurudi. Mpaka ukafunguliwa 1983, haukurudi. Amin alikimbia 1979, mkonge nao ukaendelea kukimbia upande wake.

Bandari yetu ni mfano mwingine wa gharama iliyosahaulika kwa kuzoeleka. Kwa miongo mingi meli kubwa zilitia nanga mbali na gati la Tanga kwa sababu ya kina kifupi, mzigo ukavushwa kwa matishari, ukipakiwa mara mbili na kulipiwa mara mbili. Sasa kina kimechimbwa na gati limeongezwa, jambo jema. Lakini nyongeza ile ya gharama tuliilipa wakati wa amani na wakati wa vita vilevile, wala hakuna aliyemuuliza dalali kuhusu tishari.

Serikali nayo iliweka lengo la tani 120,000 za mkonge ifikapo 2025. Tulibaki mbali nalo. Nitakuwa mwangalifu hapa, kwa sababu miaka ya karibuni uzalishaji umekuwa ukipanda, wakulima wadogo wameingia, na hilo ni tofauti na uzembe wa zamani. Ila sitashangaa nikisikia mtu kwenye kipaza sauti akitaja Ukraine na Bahari ya Shamu kueleza pengo lililobaki. Mkonge wa kukatwa 2025 ulitakiwa uwe ardhini 2021 au 2022. Aliyepanda wakati ule anajijua, na asiyepanda anajijua.

Yule jamaa wa Korogwe alinisikiliza mpaka kahawa ikapoa. Hakupenda sana nilivyomgeuza dalali wake kuwa nusu mkweli. Yeye alitaka awe mwizi kamili, au Wahuthi wawe wakosaji kamili. Nikamuuliza shamba lake lilipandwa lini. Akasema alilinunua likiwa limeshapandwa, ana mwaka wa nane nalo sasa. Nikamuuliza tangu hapo ameongeza miche mingapi.

Akatazama barabarani, akamwita kijana wa kahawa, akalipia vikombe vyote viwili. Kisha akasema polepole kwamba upande wa bondeni mkonge wake umeanza kutoa milingoti.