Mapumziko ya Japani Yananichosha Kuliko Kazi

Ndugu zangu wa nyumbani wakinipigia simu hunihurumia kwa jambo lisilostahili huruma. Wamesikia kwamba Wajapani hufanya kazi mpaka wanasinzia wima ndani ya treni, kwa hiyo huniuliza kwa sauti ya msibani iwapo mkubwa wangu wa kazi ananiruhusu hata kula. Huwajibu kwamba kazini hakuna neno: naingia, naambiwa la kufanya, nalifanya, natoka. Taabu yangu huanza ninapofika nyumbani na kutaka kuishi kama binadamu wa kawaida, yaani kula, kutupa maganda, kuoga, kusalimiana na majirani na, siku ya Jumapili, kukaa chini ya mti. Mambo hayo niliyafanya Tanga tangu utoto bila kujua kwamba ni kazi. Hapa yana ratiba, vipimo na wasimamizi wa kujitolea.

Tuanze na taka, kwa kuwa kila kitu Japani huanza na taka. Mgeni anayehamia mahali hutakiwa kwa sheria kwenda kuandikisha makazi yake katika ofisi za serikali ya mtaa ndani ya siku 14, na mara nyingi hapo hukabidhiwa maelezo ya kutenganisha taka pamoja na kalenda yake. Kalenda yangu imebandikwa kwenye mlango wa friji, mahali ambapo watu wenye bahati hubandika picha za watoto wao. Taka za kuungua zina siku zake, plastiki ina siku yake, makopo na chupa za vioo vina siku yao, na zipo taka zinazochukuliwa mara moja tu kwa mwezi, hivi kwamba ukilala ukapitiwa asubuhi hiyo utaishi na balbu iliyoungua kama mpangaji mwenzako mpaka mwezi ujao. Mfuko haupelekwi usiku, kwa sababu kunguru wa Japani ni wezi wenye elimu. Hupelekwa asubuhi, kabla ya saa mbili, na hufunikwa kwa wavu. Mfuko wenyewe lazima uwe wa kuonyesha kilichomo, ili mtaa mzima ujue jana ulikula nini. Wenye kasoro hauchukuliwi: hubandikwa karatasi inayoeleza kosa na kuachwa palepale, mbele ya macho ya majirani, mpaka mwenyewe aone haya.

Chupa moja ya maji ya kunywa ina kazi tatu. Kifuniko kinang'olewa na kwenda upande wake, karatasi ya jina inachunwa, kisha chupa inasuuzwa, inabonyezwa na kungojea siku yake. Pakiti ya maziwa inaoshwa, inakatwa kwa mkasi, inatandazwa, inaanikwa, na ikikauka inarudishwa dukani kwenye sanduku maalumu. Ninapoianika dirishani hujiuliza mama yangu angesema nini, yeye aliyeanika mchele, dagaa na nguo, lakini hakuwahi kuanika takataka. Na mafuta ya kukaangia! Sisi mafuta yaliyokaanga maandazi tunayaheshimu, tunayachuja, yanakaanga tena samaki. Hapa kuna unga unaouzwa dukani wa kuyagandisha mafuta yaliyotumika, ukaumwaga humo yakiwa moto, yakapoa, yakawa kipande kigumu kinachotolewa sufuriani kizimakizima na kutupwa pamoja na vya kuungua. Nimelipia mafuta, nimelipia na dawa ya kuyaua.

Lakini lililonivunja moyo ni friji. Kwetu friji bovu ni mtaji. Fundi atakuja kulinunua kwa ajili ya mota, na asipokuja fundi, mwenye genge ataligeuza kabati la kuwekea mikate, na likioza kabisa, mlango wake utakuwa mlango wa banda la kuku. Japani ina sheria, iliyoanza kutumika mwaka 2001, inayomtaka mwenye televisheni, friji, mashine ya kufulia au kiyoyozi kulipia gharama za kukirejeleza kifaa chake anapokitupa. Hivyo nilitoa fedha zangu mfukoni nikampa mtu ili aniondolee mali yangu, naye akainama kwa adabu na kunishukuru. Kiti, godoro na meza havimo katika sheria hiyo, ila navyo vina utaratibu wake: unapiga simu kuomba siku, unataja vipimo, unanunua stika ya malipo katika duka la saa ishirini na nne, unaibandika kitini, kisha unakiweka nje kingojee gari lake kama mgonjwa mwenye rufaa.

Mwenzangu mmoja anayependa kutetea kila kitu huniambia nishukuru, kwa sababu katika mji mdogo wa Kamikatsu, mkoani Tokushima, wakazi hutenganisha taka katika mafungu zaidi ya 40 na kuzipeleka wenyewe kituoni. Nimeshukuru. Hata hivyo ningependa kuuliza, kwa heshima zote, nchi inayojua taka kiasi hicho imeficha wapi mapipa. Baada ya shambulio la gesi ya sumu ya sarini katika treni za chini ya ardhi za Tokyo mwezi wa Machi 1995, mapipa mengi yaliondolewa mahali pa umma, na tangu hapo mtu akinunua ndizi safarini hurudi nayo nyumbani: tunda likiwa tumboni, ganda likiwa mkobani, katikati ya nyaraka za kazi.

Sasa majirani. Upo ubao unaobeba matangazo ya mtaa, unaozungushwa nyumba kwa nyumba, nao hauruhusiwi kulala kwa mtu. Unasoma, unaweka alama kwamba umesoma, unaupeleka kwa nyumba inayofuata. Mimi ninaupeleka kwa bibi mmoja wa makamo ya nyanya yangu, mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye hunipokea mlangoni kwa maneno yaleyale kila mara: “Kijapani chako ni kizuri mno.” Nami huwa sijasema lolote zaidi ya shikamoo ya kwao. Siku hiyohiyo hunipa daikoni tatu, yaani figili nyeupe ndefu, kutoka shambani kwa mdogo wake, na hapo ndipo usingizi unaponiruka, kwa maana zawadi ya Japani haikai, inarudi. Nikimpelekea chapati, kesho ataleta machungwa. Nikilipa machungwa kwa biskuti, ataleta chai. Natamani mmoja wetu akubali kushindwa, lakini yeye ni mtu mzima na mimi nina jina la nchi yangu la kulinda.

Kwa sherehe na misiba hesabu huwa kali zaidi. Rafiki akioa, desturi ni kumtunza yeni 30,000, ambazo ni noti tatu za elfu kumi, na noti hizo ziwe mpya, wala zisiwe idadi inayogawanyika kwa mbili, wasije maharusi wakagawanyika nao. Kwenye msiba ni kinyume: noti mpya ni mkosi, kwa kuwa zitaonyesha kwamba ulikuwa umejiandaa marehemu afe. Kwa hiyo mimi, niliyetoroka kamati za harusi za Tanga zilizokuwa zikinifuata kwa ujumbe wa simu na kadi za ahadi, leo napanga foleni benki kutafuta noti zisizokunjwa, kisha nyumbani naikunja moja kwa makusudi kwa ajili ya msiba. Anayepokea naye hapati raha, kwani atatakiwa kurudisha zawadi ya thamani inayokaribia nusu ya aliyopewa. Sijui kwa nini wasikubaliane tangu mwanzo kutoa nusu.

Mtasema, basi nenda ukapumzike. Nilikwenda katika maji ya chemchemi za moto. Kabla ya kuingia majini kupumzika unakaa juu ya kigoda kifupi, uchi, mbele ya kioo, unajisugua mpaka huna tena sababu ya kuoga. Ndipo unaruhusiwa kuingia katika maji yenye nyuzi 40 au zaidi, taulo dogo likiwa kichwani kwa kuwa halitakiwi kuyagusa maji, na mwenye tatuu mwilini, mahali pengi, hata mlangoni hapiti. Wazee walioketi humo walikuwa wamefumba macho kwa raha. Mimi nimezaliwa pwani. Nimetumia nusu ya maisha yangu kulikimbia joto.

Kuhusu kukaa chini ya mti, jambo nililodhani haliwezi kuharibiwa na mtu, nalo lina serikali ndani yake. Maua ya sakura, yaani ya mti wa mcheri, yakikaribia, mtaalamu wa hali ya hewa huuendea mti maalumu, ambao kwa Tokyo uko katika hekalu la Yasukuni, akahesabu maua, na yakifika matano au sita yaliyochanua hutangaza rasmi kwamba msimu umeanza. Yakishachanua yote huwa na takriban wiki moja kabla ya kupukutika, basi kila ofisi hukimbilia bustanini kwa pamoja. Kijana mdogo kazini ndiye anayetumwa kutandika turubai la buluu na kulilinda tangu asubuhi, na kwa kuwa mimi ni mgeni kazini, nywele zangu zenye mvi hazikunisaidia. Nilikaa peke yangu kwenye turubai la watu wengi, miguu peku, kwa baridi la Machi, nikilinda nyasi za umma. Wenzangu walipofika jioni walinisifu kwa kufurahia utamaduni.

Nilifikiri kwamba angalau asubuhi ya likizo ya kiangazi ni yangu. Kumbe tangu mwaka 1928 nchi hii ina mazoezi ya viungo yanayoongozwa na redio, nayo hurushwa saa kumi na mbili na nusu alfajiri, na bustani ya mtaa wetu iko chini ya dirisha langu. Watoto hufika na kadi zao shingoni ili zigongwe muhuri wa mahudhurio, wazee hufika bila kadi kwa sababu hawajawahi kukosa, piano inaanza, na watu wa miaka themanini wanaruka. Bibi wa daikoni ananipungia mkono kutoka mstari wa mbele. Juzi aliniletea, pamoja na ule ubao wa matangazo na matango manne, kadi mpya yenye kamba ya kuvaa shingoni, iliyoandikwa jina langu kwa mkono wake mzuri, na mimi sasa natafuta zawadi ya kumrudishia.