Tochi ya mawe au ya chaji: ipi inachafua zaidi?

Tangu tochi za chaji zijae kwenye meza za wauzaji wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, hoja ni moja: mawe, yaani betri kavu za kutumia na kutupa, yanaharibu ardhi, nunua ya chaji. Hoja hiyo ina ukweli. Huko Makete au Ludewa, wilaya za mkoa wa Njombe, nyumba isiyo na umeme ilikuwa ikimaliza mawe ya tochi na ya redio mwaka mzima, na yote yaliishia kwenye shimo la taka, chooni, au mikononi mwa watoto. Kuna shule zilizopaka ubao kwa ule unga mweusi wa ndani ya mawe. Tochi moja ya chaji inaondoa rundo kubwa la mawe.

Ila tuangalie kilichomo ndani. Jiwe la kawaida ni kopo la zinki lenye kijiti cha kaboni katikati, kimezungukwa na unga wa manganizi wenye majimaji ya chumvi. Kopo hilo huliwa kadiri umeme unavyotumika, ndiyo maana jiwe lililosahaulika ndani ya redio huvuja na kuacha ukungu mweupe kwenye springi. (Kuliweka juani, kama tufanyavyo kwenye baridi ya Juni, kunaliamsha kidogo tu na kunaharakisha kuvuja.) Zebaki, iliyofanya mawe yaogopwe zaidi, watengenezaji wengi wameshaiondoa. Sehemu nyingi za Marekani huruhusu mawe yatupwe na taka za kawaida, ingawa California ilipiga marufuku mwaka 2006.

Wanaosema mawe hayana neno hutumia mfano huo, nami siukubali. Dampo la wenzetu hutandikwa chini ili maji machafu yasipenye. Letu ni shimo nyuma ya jiko, hatua chache kutoka kwenye mchicha, na jioni tunaliwasha moto.

Sasa ifungue tochi ya chaji ya bei nafuu. Mara nyingi utakuta kiboksi cha plastiki cha volti 4: betri ya asidi na madini ya risasi, ndugu mdogo wa betri ya gari. Nyingine zina lithiamu, ambayo ikitupwa motoni hulipuka. Risasi haiozi wala haiungui ikaisha, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Huko Thiaroye-sur-Mer, kando ya Dakar nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, katika mtaa ambao udongo wake ulijaa risasi ya betri chakavu za magari. Kibetri cha tochi ni kidogo mno ukilinganisha na hizo, najua. Lakini tochi hizi hazidumu, na zikifa hutupwa kwenye shimo lilelile tulilotupia mawe.

Wanaotetea chaji hujibu kwamba risasi ina bei, wanunuzi wa chakavu wataikusanya. Kwa betri za sola na magari ni kweli, japo wapo wanaomwaga asidi palepale ili kupunguza mzigo. Kwa kibetri cha tochi, nani atafunga safari mpaka Bulongwa, huko Makete, kukifuata?

Bado naegemea upande wa chaji, lakini si ya aina yoyote. Zipo betri za chaji za nikeli zenye umbo la mawe, volti 1.2, zinazoingia kwenye tochi na redio nyingi tulizonazo, zinachajiwa mara mamia na hazina risasi. Bei yake mwanzoni inauma, na ndiyo kikwazo cha kweli. Atakayenunua tochi ya risasi au lithiamu achague inayofunguka na kubadilishwa betri, na muuzaji aipokee mbovu anapouza mpya. Gari lililoleta katoni za tochi Makete au Ludewa hurudi mjini likiwa na nafasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeshazipa halmashauri jukumu la taka ngumu, kwa hiyo zinaweza kuanza na wauzaji wa jumla.