Mahame ya Tyneham na mahame yetu

Tangu nihamie kusini mwa Uingereza nimekwenda Tyneham mara tatu, na kila mara nimerudi na wivu nisioutarajia. Ni kijiji kidogo cha Dorset, kimejificha bondeni karibu na ghuba ya Worbarrow, na hakijawa na mkazi tangu Desemba 1943. Wizara ya Vita ililihitaji eneo hilo kwa mazoezi ya kijeshi, ikawapa wenyeji siku 28, na watu 225 wa hapo na jirani wakafungasha. Wengi walikuwa wapangaji wa familia ya Bond, iliyomiliki ardhi hiyo tangu 1683, kwa hiyo walichofidiwa ni mboga za bustanini. Waliacha karatasi mlangoni mwa kanisa wakiomba nyumba zao zitunzwe, kwa kuwa siku moja wangerejea. Mwaka 1948 serikali ililinunua eneo kwa lazima, na ahadi ikaishia hapo.

Kwetu Iringa habari ya namna hii tunaijua. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ya Tanzania ilipowahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, babu na bibi walipakiwa kwenye lori pamoja na magunia mawili ya mahindi na kuku waliofungwa miguu, wakashushwa penye viwanja vilivyopimwa kwa kamba, bila paa hata moja. Babu angalau aliendelea kulima shamba lake la zamani, ilhali Tyneham jeshi bado linafanya mazoezi ya kulenga shabaha, na wageni huruhusiwa kuingia mizinga inaponyamaza, hasa wikendi.

Kwa hiyo sisemi wenzetu walitendewa kwa huruma zaidi. Ninachowaonea wivu ni kumbukumbu. Katika shule yao, iliyofungwa mwaka 1932 kwa kukosa watoto, vigingi vya kutundikia makoti vina majina ya wanafunzi, na kila gofu lina kibao kinachoeleza nani aliishi humo na alifanya kazi gani. Mahame yetu yana mipera miwili na jiwe la kusagia lililopasuka, na anayejua mlango ulielekea wapi ni shangazi peke yake, ambaye sasa ana miaka 81. Likizo ijayo nitakwenda na daftari, anioneshe kila nyumba ilipokuwa na kunitajia majina, nami niandike hata ya wale ambao ukoo uligombana nao.