Saa ya Babu na Mikono Iliyoibeba

Muuzaji alifunua kitambaa taratibu, kama anayefunua chakula cha mgonjwa. Ndani mlikuwa na nyota ya shaba yenye ncha sita, utepe wake wa buluu umepauka, mstari mwekundu katikati bado unaonekana. Nyota ya Burma, nishani ya Waingereza kwa waliopigana Burma kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Akaangalia huku na huku, ingawa sokoni siku hiyo hakukuwa na mteja mwingine ila mimi na mzungu mmoja aliyekuwa akipatana bei ya kikapu.

"Hii ya Amin mwenyewe, boss. Milioni mbili."

Nilicheka, halafu nikaona haya. Idi Amin aliingia KAR, jeshi la wakoloni wa Kiingereza, mwaka 1946. Vita vya Burma viliisha 1945. Hadithi kwamba alipigana kule aliipenda yeye na waliomsifia wakaieneza, lakini tarehe hazikubali. Alikuja kujipa nishani zake mwenyewe baadaye, pamoja na ile VC, kwa Waingereza nishani ya juu ya ushujaa, ambayo kwake haikuwa ya Malkia Victoria bali "Victorious Cross", na herufi zikabaki zilezile ili asiyejua aheshimu.

"Umeitoa wapi?" nikauliza.

"Kwa mzee mmoja, kaskazini."

"Mzee gani?"

"Alishakufa."

Hapo ndipo kicheko kilipokata. Maana nyota ile ilikuwa ya kweli. Vijana wa Afrika Mashariki walipigana Burma, na mwaka 1944 walishuka bonde la Kabaw kwenye mvua, matope na malaria. Nyota walizopewa Waingereza hawakuzichonga majina. Ukiigeuza, nyuma ni tupu. Kwa hiyo kitu pekee kilichokuwa kinaunganisha kipande kile cha shaba na mtu aliyekipata ni mdomo wa familia yake, na familia ilipoiuza, mdomo ukafungwa. Jina la Amin likaingia kwenye nafasi iliyoachwa wazi kwa sababu linauza. Mzee mwenyewe hauziki.

Siku hizi nikiona kitu cha vita siulizi kina umri gani wala bei gani. Nauliza kimepita mikono ya nani. Wenzetu wa Ulaya wamefanya swali hilo kuwa kazi ya mshahara, baada ya kuumwa. Mwaka 1983 gazeti la Stern la Ujerumani lilinunua kwa mamilioni ya marki shajara zilizosemwa kuwa za Hitler. Maabara ikakuta karatasi ina kemikali iliyoanza kutumika baada ya vita. Aliyeziandika, Konrad Kujau, alikuwa pia akiuza michoro aliyoichora mwenyewe na kuitia saini ya Hitler. Kulikuwa na hadithi nzuri ya ndege iliyoanguka na masanduku yaliyookolewa. Kilichokosekana ni orodha ya watu, mmoja baada ya mwingine, kutoka sandukuni mpaka mezani pa mhariri.

Sisi Waganda swali hili tunalipenda sana likielekezwa ng'ambo. Na ni haki yetu. Juni 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilileta vitu 39 Makumbusho ya Uganda pale Kamwokya, kwa mkopo wa miaka 3. Mkopo! Cambridge inashikilia karibu vitu 1,500 vya kwetu, inatukopesha 39, nasi tunapiga picha na kushukuru. Niliudhika kama wengine.

Lakini chukua mfano wa Kibuuka. Huyu ni mungu wa vita wa Baganda, yule wa visiwa vya Ssese aliyeruka mawinguni akiwapiga Banyoro mishale mpaka akauawa. Mabaki yake, taya likiwemo, yalifika Cambridge mwanzoni mwa karne iliyopita kupitia kwa mmisionari John Roscoe, na yakarudishwa mwaka 1962, tulipopata uhuru. Hadithi tunayoisimulia ni fupi: mzungu alichukua, mzungu akarudisha. Ila Roscoe hakutembea gizani na tochi. Rafiki na msaidizi wake mkubwa alikuwa Apolo Kagwa, Katikiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, na wakati huo vita vya dini vilikuwa vimeshawafanya Baganda wenyewe kuchoma mahekalu ya miungu yao. Mnyororo ule una mikono yetu ndani yake. Kuitaja hakumtakasi Roscoe hata kidogo. Kutoitaja ndiko kunakonipa mashaka.

Nasema hivi nikiwa na saa ya ukutani inayonitazama.

Ni ya mbao, ina mlango wa kioo na ulimi wa shaba unaoning'inia. Imekaa nyumbani kwa babu, Walukuba, Jinja, tangu sijazaliwa. Tuliambiwa aliinunua sokoni Nakasero, Kampala. Mwaka juzi spring ikakatika, nikaishusha kuipeleka kwa fundi, na kwa mara ya kwanza nikaona mgongo wake. Kulikuwa na namba iliyopakwa rangi nyeupe, kama zile za samani za ofisi ya serikali. Chini yake, kwa penseli, mstari wa maandishi ya Kigujarati. Mwenye duka la vipuri ninayemfahamu alivaa miwani akanisomea: spring mpya imetiwa, 1958, halafu jina la ukoo ambalo sitaliandika hapa.

Hapo huhitaji kuwa mtaalamu. Mwaka 1972 Amin aliwapa Wahindi siku 90 waondoke. Maduka na nyumba vikagawiwa, na waliogawiwa tukawaita mafuta mingi, yaani matajiri wa ghafla. Vingine vilimezwa na ofisi za serikali, ndiyo maana ya ile namba nyeupe. Lakini kutoka ofisini mpaka Walukuba?

Shangazi alikataa kwanza. Alipomaliza chai ya tatu akasema. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, majeshi ya Tanzania yalipomwondoa Amin, na babu alikuwa mchukuzi wa mizigo mjini. Kesho yake saba saba, ile mizinga ya roketi ya Watanzania, zilikuwa zimenyamaza, wakombozi wamekaa juu ya vifaru wanavuta sigara, na watu wamejaa barabarani na viti vichwani kama mchwa. Babu alitoka kwenye jengo fulani na redio na saa. Redio akaibeba mwenyewe. Saa akaifunga kwa shuka mgongoni mwa bibi, kama mtoto, ili ipite kizuizini. Shangazi alikuwa na miaka tisa, ameshika pindo la gauni la mama yake. Walipofika kizuizini bibi akajikwaa, na saa ikagonga. Mara moja tu, ngo!

Askari wa Tanzania akaiangalia ile shuka. "Mama," akasema, "mwanao ameamka."

Akawaacha wapite. Redio, askari alibaki nayo.

Nimeifikiria sana redio ile. Kama bado ipo, iko kwenye nyumba fulani ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, Tanzania, na wajukuu wa huko nao wameambiwa ilinunuliwa.

Sasa hii saa ni nini? Mali ya wizi, kumbukumbu ya ukombozi, urithi wa familia? Mimi naona ni vyote, na jina lolote moja utakaloibandika litakuwa limeficha mengine. Miaka ya 1990 serikali iliwarudishia Wahindi majumba na viwanda, kwa kuwa vilikuwa na hati. Saa haina hati. Ina penseli, rangi nyeupe, na shangazi mwenye umri wa zaidi ya miaka hamsini ambaye angependa tuongee mambo mengine.

Na si yeye tu anayenyamaza. Nawajua watu Bombo na Arua wenye masanduku chini ya kitanda: picha, vyeti vya jeshi, mikanda, kofia za wakati wa Amin. Hawathubutu kuyafungua mbele ya mgeni. Kuna aibu, kwamba baba alikuwa upande ulioshindwa. Kuna na woga wa kawaida kabisa, kwa sababu vazi la jeshi mikononi mwa raia ni kesi, na mwaka 2019 hata kofia nyekundu iliingizwa kwenye orodha ya mavazi ya jeshi. Basi mzee akifa, watoto wanachoma sanduku usiku, au wanampa mtu kama yule muuzaji wangu bila kusema lilikuwa la nani.

Angalia tofauti ikiwa mtu ameandika. Kwenye kabati za shirika la utangazaji la taifa, UBC, zilikutwa negativu zipatazo 70,000 za picha za enzi ya Amin, na mwaka 2019 baadhi zikaonyeshwa Kamwokya. Ni kamera ya serikali, inaonyesha Amin anacheza ngoma na haionyeshi waliokuwa wanapotea. Lakini wapiga picha wale walikuwa makarani wazuri, picha zilitunzwa na maelezo yake, na kwa hiyo tunajua ni macho ya nani tunayoazima. Hata propaganda ina thamani ikijulikana ilikotoka.

Ninachotaka ni kidogo na hakihitaji wafadhili. Makumbusho, ya Kampala na yale madogo ya mikoani, yawe na meza ambapo mtu anaweza kuleta kitu cha vita na maneno yake bila kuulizwa na polisi. Kibao chini ya kitu kiseme kimepita wapi, pamoja na neno "kiliporwa" pale linapostahili, na aliyepora ni nani, hata kama alikuwa mtu mwema aliyesomesha watoto sita. Ifanyike sasa, kwani aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1979 leo anakaribia sabini.

Yangu nimeanza. Nimebandika karatasi mgongoni mwa saa: ukoo ule wa Kigujarati, 1958; ofisi ya serikali, baada ya 1972; babu, Aprili 1979. Shangazi alipoiona alisimama kimya, kisha akaniambia nifute jina la baba yake, niandike tu "mtu mmoja".

Sijalifuta. Nimelibadilisha kutoka kalamu kuwa penseli, na bado tunaongea.