Udi hauondoi mkojo wa paka

Kuna nyumba ukiingia sebuleni unapokewa na moshi wa udi, na chini ya ule udi kuna harufu nyingine. Mwenye nyumba anaijua, mgeni anaijua, na hakuna anayeitaja. Nimeketi kwenye sebule nyingi za namna hiyo, Tanga na Dar es Salaam, za watu wasafi kabisa wanaodeki kila asubuhi. Udi hauondoi mkojo wa paka. Ubani hauuondoi, wala marashi ya kupuliza, wala ile poda ya waridi inayonyunyizwa kwenye zulia. Na kinachoniuma zaidi si harufu yenyewe, ni inapoishia. Watu wakishachoka kufukiza, hukumu inamwangukia paka: anatiwa kwenye kiroba usiku na kwenda kutupwa sokoni. Paka keshaondoka, zulia bado linanuka.

Mimi nasema paka huyo anaonewa. Tatizo lilikuwa kwenye zulia, na zulia lina dawa yake.

Kwanza tujue tunapambana na nini. Asili ya paka ni jangwani, na figo zake zinabana maji sana, kwa hiyo mkojo wake ni mzito. Ndani yake mna urea, ambayo bakteria wakiivunja inatoa amonia, ile harufu inayochoma pua. Mna pia felinini, kitu chenye salfa ambacho dume asiyehasiwa anacho kwa wingi kuliko jike. Felinini inavunjika taratibu, ndiyo maana doa la dume linanuka zaidi baadaye kuliko siku lilipomwagika. Halafu kuna chumvi. Zinakaukia ndani ya nyuzi za zulia na kukaa kimya kiangazi chote, kisha unyevu ukirudi zinauvuta, na harufu inaamka. Sisi watu wa pwani tunaliona hilo kila masika. Ukisikia mtu anasema zulia lake linanuka mvua zikianza tu, ujue mkojo haukutoka, ulikauka tu.

Sasa njoo kwenye jiki. Watu wengi wakishindwa na udi wanakimbilia jiki, na hapo ndipo ninapopandisha sauti. Jiki ikikutana na amonia inazalisha hewa ya klorameni, inayowasha macho na kubana kifua, na ndani ya chumba kilichofungwa chenye mtoto au mwenye pumu hilo ni jambo la hatari. Pili, jiki inakula sufu na hariri, na zulia la rangi inaliachia baka jeupe ambalo halifutiki tena. Zile dawa za kuulia vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia maji nazo ziweke mbali: nyingi zina kemikali ya fenoli, na ini la paka haliwezi kuichuja vizuri. Akipita hapo na kujilamba miguu, anakunywa sumu. Maji ya moto pia hayafai, kwa sababu mkojo wa paka una protini, na joto linaigandisha kwenye nyuzi.

Kinachofaa tumefundishwa tangu madrasa, ila tukifika kwenye zulia tunakisahau. Vitabu vya fiqhi vya Kishafii, ambavyo ndivyo vinavyofuatwa na wengi pwani, vinapanga hivi: ondoa kwanza aini ya najisi, yaani kile kitu chenyewe, halafu mimina maji. Bedui alipokojoa msikitini, Mtume aliwazuia masahaba wasimkatize, akaamrisha ndoo ya maji imiminwe pale. Ile ilikuwa ardhi, inayonywa maji yenyewe. Zulia halina pa kuyapeleka, kwa hiyo ukilimwagia maji kabla hujaukamua mkojo, umeitandaza tu najisi ikawa nyingi zaidi. Sebule zetu ndizo tunamoswalia, basi mpango huu si wa usafi wa macho peke yake. Na kwa anayemchukia paka kwa jina la dini nakumbusha hadithi ya Abu Qatada: paka mwenyewe si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzungukia majumbani. Mkojo wake ndio najisi.

Kuondoa aini maana yake ni hivi. Doa likiwa bado bichi, kunja kanga kuukuu au taulo mara kadhaa, iweke juu, kisha isimamie kwa miguu yote miwili kwa uzito wako wote. Geuza upande mkavu, simama tena. Usisugue. Kusugua kunausukuma mkojo chini na pembeni, na kunachakaza nyuzi. Endelea mpaka kitambaa kinatoka kikavu, na usikate tamaa mapema, kwa maana kazi kubwa iko hapa. Mimina maji ya baridi kidogo, kandamiza tena, mimina tena. Mkojo unaoukamua leo hutakuja kuufukizia udi mwakani.

Baada ya hapo una njia mbili, na usizichanganye. Ukipata dawa yenye vimeng'enya, yaani enzaimu, inayouzwa na baadhi ya maduka ya dawa za mifugo na ya vifaa vya wanyama, hiyo ndiyo bora, kwa sababu inavivunja vile vitu vyenyewe vinavyonuka. Wanaosema haifanyi kazi mara nyingi wameinyunyiza kama marashi. Inatakiwa imiminwe iingie kina kilekile mkojo ulipofika, ifunikwe kwa nailoni isikauke, iachwe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Na pale isitangulie jiki wala dawa ya kuua vijidudu, maana zinaviua vimeng'enya kabla havijaanza kazi.

Ukiikosa, tumia vitu vya dukani. Siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji sawa kwa sawa inaipunguza nguvu amonia, ingawa felinini haiigusi. Ikishakandamizwa ikatoka, nyunyiza baikaboneti, ile poda nyeupe ya keki, si hamira na si magadi, kisha juu yake haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile wanayouza duka la dawa kwa kusafishia vidonda, yenye tone la sabuni ya vyombo. Ijaribu kwanza kwenye pembe iliyofichwa chini ya kochi, kwani peroksaidi inaweza kupausha rangi, na kwenye sufu na hariri usiitie kabisa. Wala mchanganyiko huo usiuhifadhi kwenye chupa iliyofungwa. Unatoa gesi na chupa inaweza kupasuka.

Yote hayo ni bure usipoinua zulia. Doa la kiganja juu, chini linaweza kuwa limeenea mara mbili yake. Penye sifongo chini ya kapeti, sifongo ndiyo iliyokunywa mkojo mwingi, na kipande hicho ni bora kikatwe na kutupwa kuliko kuoshwa. Sakafu ya saruji isiyo na vigae nayo inanyonya. Watu wanapeleka zulia kufuliwa, linarudi linang'aa, wanalitandika juu ya saruji ileile yenye mkojo, kisha wanamlaumu mfuaji. Ioshe sakafu kwanza, iache ikauke.

Na hao vijana wa sehemu za kuoshea magari wanaofua mazulia kwa mashine ya presha, wengi wanafanya kazi nzuri ya uso wa zulia. Ila waambie wazi kwamba kuna mkojo na waonyeshe ulipo. Suuza mpaka povu liishe, kwa sababu sabuni iliyobaki inanasa uchafu mpya. Likikunjwa likiwa bado bichi, umeongeza harufu ya ukungu juu ya ile ya paka. Litundikwe ukutani, mgongo wa zulia ukitazama jua.

Kama hujui doa liko wapi, subiri usiku, zima taa, washa ile tochi ya mwanga wa zambarau wanayotumia wenye maduka kukagua noti bandia. Mkojo uliokauka unang'aa chini ya mwanga huo. Utaona na yale usiyoyategemea, kwenye mguu wa kochi na pindo la pazia. Yaliyo juujuu hivyo mara nyingi ni ya dume anayeweka alama ya mpaka wake, na dume akihasiwa, mara nyingi tabia hiyo inaisha.

Maana paka hakojoi kwenye zulia kwa kulipa kisasi. Kumkamata shingo na kumsugua pua kwenye doa kunamfundisha kukuogopa wewe, naye ataenda kukojoa nyuma ya kabati. Tazama beseni lake la mchanga: limesafishwa lini? Liko karibu na chakula chake, au kwenye njia ya watoto wenye kelele? Paka wawili wanataka mabeseni matatu, na mchanga wa kawaida unaozolewa kila siku unatosha.

Beseni likiwa safi na bado anakojoa zulia lilelile, mpeleke kwa daktari wa mifugo, kwa sababu maradhi ya kibofu, ya figo na kisukari yote yanaweza kuanza hivyo. Na ukimwona dume anachuchumaa mara kwa mara, analia, na hakitoki kitu au yanatoka matone tu, acha zulia, acha kanga, mpeleke saa hiyohiyo. Huenda njia ya mkojo imeziba, na akikaa hivyo siku moja au mbili anaweza kufa.